Tukilisusia duka, tunasusia nini?



Ramadhani ya mwaka 2023, baada ya darsa ya alasiri, kijana mmoja niliyemfundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu alipokuwa kidato cha nne alinisubiri nje ya msikiti. Akatoa simu yake na kunionesha orodha ndefu ya majina ya makampuni. Juu yake paliandikwa kuwa makampuni hayo yanaunga mkono ushoga, na kwamba Muislamu yeyote anayenunua bidhaa zao ni mshirika wao katika dhambi. Mlikuwa na sabuni, mafuta ya kujipaka, kahawa na filamu za katuni za watoto. Akaniuliza: "Maalim, nyumbani mama anafulia Omo. Nimwambie aache?"

Kabla sijamjibu akaishusha orodha hadi mwisho. Huko chini, baada ya majina ya makampuni ya Ulaya na Marekani, mtu wa mtaani kwetu alikuwa ameongeza jina la fundi cherehani ambaye sote tunamfahamu. Hakuweka ushahidi wala maelezo. Jina tu, na mahali kilipo kibanda chake.

Siku ile kitambaa changu cha kanzu ya Idi kilikuwa kwa fundi huyo huyo. Nilichokifanya nitakieleza mwishoni mwa makala haya. Kwanza tulitazame swali la kijana kwa utulivu, kwa sababu ni swali zuri na wanaouliza ni wengi.

MSIMAMO WA DINI HAUNA UTATA

Hakuna haja ya kuzunguka. Liwati ni haramu katika Uislamu. Kisa cha Nabii Lut (a.s.) na watu wake kimeelezwa katika sura nyingi za Qur'an, zikiwemo al-A'raf, Hud, ash-Shu'ara na al-Ankabut, na maulamaa wa madhehebu zote wamekubaliana juu ya uharamu wa kitendo hicho. Hatubadilishi hukumu hiyo kwa sababu dunia imebadilika, wala kwa sababu kampuni fulani imeweka rangi za upinde wa mvua kwenye nembo yake.

Lakini wanaosimama hapo na kufunga kitabu wanasahau mambo mawili. La kwanza, sharia inahukumu kitendo. Mtu aliyejaribiwa kwa matamanio, akapambana na nafsi yake na asiyatende, hana dhambi ya kitendo ambacho hakukifanya. La pili, kuwa jambo ni haramu hakumpi kila mpita njia ruhusa ya kumhukumu, kumtukana au kumpiga anayetuhumiwa nalo. Dini iliyoharamisha liwati ndiyo hiyo hiyo iliyoharamisha dhuluma.

Basi swali la kijana wetu halikuwa juu ya uharamu wa liwati. Lilikuwa juu ya biashara: je, itikadi au mwenendo wa muuzaji huifanya haramu bidhaa yake?

DERAYA YA MTUME (S.A.W.)

Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alinunua chakula kwa mkopo kutoka kwa Myahudi na akamwekea rehani deraya yake ya chuma. Katika mapokezi mengine ya Bukhari imeelezwa kuwa alifariki dunia deraya hiyo ikiwa bado imewekwa rehani kwa pishi 30 za shayiri.

Tutafakari, ndugu msomaji. Huyu ni kiongozi wa dola ya Madina. Masahaba wenye mali walikuwepo, na lau angetamka neno moja tu, shayiri ingemiminika nyumbani kwake. Lakini alinunua kwa mtu anayeukanusha utume wake, kosa ambalo katika itikadi yetu ni kubwa kuliko maasi yote ya mwili. Hakumuuliza anaamini nini. Shayiri ilikuwa halali, bei ilijulikana na rehani ilitolewa, na biashara ikakamilika.

Msingi wa jambo hili umo katika Suratul Mumtahina aya ya 8, ambapo Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Imam an-Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika pwani yetu hii kizazi baada ya kizazi, ameeleza katika al-Majmu' kuwa hata kuamiliana na mtu ambaye sehemu kubwa ya mali yake ni ya haramu ni makruhu, na haifiki haramu mpaka ujue kuwa kitu chenyewe unachokichukua ndicho cha haramu. Imam al-Ghazali alikuwa mkali zaidi katika hilo, lakini maulamaa wote wawili walikuwa wanajadili mali: imepatikanaje. Hawakuwa wanajadili muuzaji anaamini nini, au analala vipi usiku.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili. Mama anayefulia Omo hana dhambi. Sabuni ni sabuni.

MPAKA UKO WAPI?

Hata hivyo haina maana kwamba kila biashara ni sawa. Suratul Maida aya ya 2 inatuamrisha tusaidiane katika wema na uchamungu na inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji wa pombe peke yake. Aliwataja watu 10, akiwemo mkamuaji, mbebaji na muuzaji. Na maulamaa wa Kishafii wakasema: kumuuzia zabibu mtu ambaye una yakini kuwa atazigeuza pombe ni haramu, na ukiwa na shaka tu ni makruhu.

Kipimo basi ni kile kinachofanyika ndani ya biashara yenyewe. Ukiuza zabibu sokoni na miongoni mwa wateja wako yumo mlevi aliyekuja kuwanunulia wanawe matunda, hakuna ubaya. Akija mwenye kiwanda cha pombe na kukuagiza magunia kwa kazi hiyo, hapo umeingia.

Tofauti hii si ya kwetu Waislamu peke yetu. Mwaka 2014 huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, mteja mmoja aliagiza keki ya pauni 36 na nusu kwenye duka la mikate la Ashers na kutaka iandikwe maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Wenye duka, familia ya Wakristo, walikataa kuyaandika. Walishitakiwa na wakashindwa katika mahakama mbili. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa kauli moja ya majaji 5, iliwapa ushindi. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba wenye duka hawakumkataa mteja kwa jinsi alivyo, walichokikataa ni ujumbe, na wangeukataa hata kama angeuagiza mtu mwingine. Lau wangekataa kumuuzia mkate, kesi ingekuwa nyingine.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu baadhi yetu ni wauzaji. Mwenye mgahawa Kariakoo, mwenye duka la dawa Mombasa, dereva wa teksi London, wote wanakutana na kila aina ya mteja. Kumpa mtu chakula, dawa au usafiri kwa bei ya haki ni kutimiza amana ya biashara. Kutakiwa uchapishe, uandike au utangaze jambo ambalo dini yako inalikataa ni suala jingine, na una haki ya kusema hapana kwa adabu.

KUSUSIA NI SILAHA, NA SILAHA INA MASHARTI

Wapo watakaosema: sawa, si haramu kununua, lakini si tunaweza kususia ili kuwashinikiza? Ndiyo, kususia kunaruhusiwa. Fedha ni yako, na hakuna anayeweza kukulazimisha uipeleke usikotaka. Mtu akiacha bidhaa kwa moyo wake, kwa kuwa hapendi faida iende kwenye kampeni asizozikubali, huo ni uamuzi wake na huenda akapata ujira kwa nia yake. Tatizo linaanza anapowaambia wengine kuwa wasiomfuata ni waasi. Suratun Nahl aya ya 116 inatuonya tusizisemeshe ndimi zetu uongo kwa kudai hiki halali na hiki haramu.

Tena tuwe wakweli juu ya matokeo. Juni 1997 Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kabisa la Kiprotestanti nchini Marekani, waliazimia kuisusia kampuni ya Disney kwa sababu, pamoja na mambo mengine, iliwapa wafanyakazi mashoga mafao ya wenzi wao. Ugomeaji huo ulidumu miaka 8. Juni 2005 waliufuta wenyewe, na sera ile ya Disney ikiwa pale pale.

Upande wa Waislamu, mwaka 2017 mmoja wa viongozi wa Muhammadiyah ya Indonesia, na vilevile kundi la Perkasa la Malaysia, walitoa wito wa kuisusia Starbucks kwa sababu ya msimamo wa Howard Schultz, aliyekuwa mtendaji wake mkuu, wa kuunga mkono mashoga. Maneno yaliyowakasirisha aliyasema mwaka 2013 mbele ya wanahisa, na wakati wito unatolewa alikuwa ameshaachia wadhifa huo. Tena migahawa ya nchi hizo inaendeshwa na makampuni ya huko huko, na wanaosimama nyuma ya kaunta ni vijana wa nchi hizo, wengi wao Waislamu. Juni 2020 ikawa zamu ya Unilever, wenye Omo, Sunlight na Vaseline. Kampuni ilipotangaza mtandaoni kuwa inawaunga mkono mashoga, kiongozi mmoja katika Baraza la Maulamaa la Indonesia aliwataka watu wazisusie bidhaa zake. Kampuni haikuubadili msimamo wake.

Silaha hii pia inakata kuwili. Mwaka 2019 Brunei ilipoanza kutekeleza sheria mpya za adhabu, ikiwemo ya kifo kwa liwati, mwigizaji George Clooney na wenzake walitoa wito wa kuzisusia hoteli 9 zinazomilikiwa na Brunei huko Ulaya na Marekani. Mwezi Mei mwaka huo huo Sultani alitangaza kuwa adhabu ya kifo haitatekelezwa. Hapo wengi wetu tulilalamika kuwa hoteli na wafanyakazi wake wanaadhibiwa kwa jambo ambalo si lao. Malalamiko hayo yana uzito, basi tuyakumbuke pia zamu ya kususia inapokuwa yetu.

Na hayo makampuni tusiyadhanie kuwa yana imani yoyote. Ukifika Juni mengi hubadili nembo zao Ulaya na Marekani, huku kurasa zao za nchi za Kiarabu zikibaki kama zilivyokuwa. Wanafuata soko. Kuyafanya ndiyo uwanja wetu wa jihadi ya imani ni kuyapa heshima yasiyostahiki.

Mfano bora wa kususia tunao katika sira. Thumama bin Uthal (r.a.), bwana mkubwa wa Yamama, aliposilimu na Maquraishi wakamkebehi, aliapa kuwa hawatapata hata punje moja ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume (s.a.w.) aruhusu. Maquraishi hawa ndio waliowasusia Bani Hashim miaka ipatayo 3 katika bonde la Abu Talib, hadi watoto wakalia kwa njaa. Njaa ilipowabana, walimwandikia Mtume (s.a.w.) wakimkumbusha udugu. Angeweza kulipiza. Badala yake alimwandikia Thumama aiachie ngano. Tusome hapo: kususia kulikuwa halali, lakini kulipofika kwenye tumbo la asiye na hatia kulisimamishwa.

KUTOKA KAMPUNI HADI JIRANI

Sasa nirudi kwenye jina lile la mwisho katika orodha. Kampuni ya kimataifa ikisusiwa na mtaa wetu haitajua. Inayo mawakili na masoko mengine 100. Fundi cherehani akisusiwa na mtaa, watoto wake hawali.

Na kampuni angalau ilijitangaza yenyewe. Fundi alitangazwa na nani? Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya ya 12 ya sura hiyo inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Suratun Nur aya ya 4 imeweka adhabu ya viboko 80 kwa anayewatuhumu wanawake watwaharifu uzinzi asilete mashahidi wanne, na ushahidi wake usipokelewe tena. Wanaume nao wameingizwa katika hukumu hiyo, na wanazuoni wa madhehebu yetu wameiingiza humo tuhuma ya liwati. Mashahidi wanne! Sisi tunaridhika na ujumbe mmoja wa simu usio na mwenyewe, tunauongezea "sambaza kwa wenzio upate thawabu", kisha tunakwenda kuswali.

Hata aliyeteleza kweli, Uislamu haukutaka aanikwe. Maiz (r.a.) alipokwenda kukiri zinaa mbele ya Mtume (s.a.w.), na Hazzal ndiye aliyemshauri aende, Mtume alimwambia Hazzal kuwa ingekuwa bora kwake kama angemsitiri kwa nguo yake.

Liko jambo jingine ambalo wasomaji wa Qur'an huenda hatulizingatii. Katika Suratul A'raf, Hud na ash-Shu'ara, kisa cha watu wa Nabii Lut (a.s.) kinapomalizika, kinachofuata ni kisa cha Nabii Shuaib (a.s.), aliyewaonya watu wake juu ya kupunja vipimo na mizani. Kaumu zote mbili ziliangamizwa. Allah (s.w.) ameyaweka makosa haya bega kwa bega, ukurasa kwa ukurasa, nasi tunasoma kisa kimoja kwa sauti na kingine tunakipitia haraka. Ni lini uliona orodha mtaani ya wauzaji wanaopunja kilo? Ya wenye nyumba wanaodhulumu wapangaji? Ya matajiri wanaochelewesha mishahara ya vibarua? Hao tunaamkiana nao safu ya mbele. Kama kweli tunataka kuchagua maduka kwa mujibu wa dini, jambo la kwanza analoulizwa mfanyabiashara katika Qur'an ni mizani yake.

KABLA YA KUSUSIA, JIULIZE

Nimeona niyafupishe haya katika maswali manne, ambayo kijana yule aliyaandika kwenye daftari lake. Je, kitu ninachonunua chenyewe ni halali? Je, fedha yangu inalipia maasi moja kwa moja, au inalipia sabuni? Je, habari niliyonayo ina uhakika, au ni uvumi? Na je, atakayeumia ni mkosaji, au ni mfanyakazi na familia isiyohusika? Asiyeweza kuyajibu maswali haya akae kimya, na kukaa kimya ni salama kwake.

Sasa niseme nilichoahidi. Kijana alipoondoka nilikuwa nimeshamjibu vizuri kuhusu Omo. Nikatoka hapo, nikaenda kibandani kwa fundi, nikamwambia kitambaa kinatakiwa nyumbani kwa dharura. Uongo, tena katika mchana wa Ramadhani. Niliogopa watu wasinione mwalimu wa dini nimevaa kanzu iliyotoka pale. Kitambaa kilikuwa kimeshakatwa. Alikikunja taratibu, akakitia kwenye mfuko, akanirudishia na pesa yangu ya kianzio yote, hata ya kazi ya kukata. Hakuniuliza kitu. Nadhani sikuwa wa kwanza siku ile.

Siku chache kabla ya Idi kibanda kilifungwa. Baada ya Idi akahama, na nilipoanza kuuliza nani hasa ameona nini, kila niliyemuuliza alinitajia mwingine, na wa mwisho akaniambia: "Watu ndio wanasema." Na tuseme lingekuwa kweli. Je, uzi wake ungekuwa haramu? Mshono wake ulikuwa umenyooka, bei yake ilikuwa ya haki, na mabaki ya kitambaa alikuwa akiyarudisha.

Tumefundishwa kuwa toba ya haki ya Allah ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Lakini haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake, mpaka uirudishe au mwenyewe akusamehe. Nimemtafuta na bado sijampata. Nimeandika ili ndugu yangu ambaye jirani yake bado yupo, na kibanda chake bado kiko wazi, asichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuoneshe haki na atuwezeshe kuifuata, azisitiri aibu zetu kama tunavyopaswa kusitiri za wenzetu, na atukinge na dhuluma ya mkono na ya ulimi. Amin.

Wallahu a'lam.